MAMBO YA NJIANI: Wenzi Wanne na Bandari Moja

Ndugu wasomaji, wazee walituambia tembea uone, wala hawakutuambia tutembee na nani. Juma hili nimeona heri niwasimulie siku moja niliyoipitisha Mombasa, maana siku hiyo ilinifunza jambo ambalo sikulipata katika miaka yote niliyokaa mezani kuandika barua za serikali.

Nilitoka Chewele siku ya Alhamisi alfajiri kwa kazi ya ofisi. Njia yetu mnaijua: Hola, Garsen, Malindi, Kilifi, hata daraja la Nyali likutie kisiwani. Nilichukua mfuko mmoja tu. Juu karatasi za serikali, chini maembe ya mtoni, zawadi ya shemeji yangu akaaye Kisauni. Karatasi zilipokewa Ijumaa kabla ya adhuhuri. Shemeji sikumkuta. Majirani waliniambia amekwisha hama, na simu yake haikupatikana. Basi la kunirudisha lilikuwa la Jumapili. Hivyo nikawa msafiri wa peke yangu katika mji mkubwa, sina mwenyeji, nina maembe yasiyo na wa kuyala.

Nilielekezwa kwenye hosteli moja ya bei ya kadiri, nikapewa kitanda katika chumba cha watu wanne. Baada ya maamkizi tuliulizana makwetu, kama ilivyo desturi. Wa kwanza alikuwa mwalimu wa Kichaga kutoka Moshi, aliyekuja kuiona bahari wakati wa likizo. Wa pili alikuwa Mjaluo wa Kisumu, fundi wa kuchomelea vyuma, aliyekuja kutafuta kazi katika karakana za meli. Wa tatu, kijana mrefu mwenye maneno machache, alisema mamaye amelazwa hospitalini, naye anangoja kila jioni saa za kumwona. Nikamwuliza atokako. Akajibu, “Malisho ya nyuma ya Bura.” Alikuwa Muorma.

Sina budi kusema kweli, maana makala haya hayana faida ikiwa mwandishi wake atajipamba. Mwaka 2012, tangu mwezi wa Agosti hata mwanzoni mwa 2013, Wapokomo na Waorma wa delta ya Tana waliuana kwa ajili ya mashamba, malisho na malka, yaani zile njia ambazo mifugo huzifuata kwenda kunywa maji mtoni; na siasa nayo ikatia kuni motoni. Watu zaidi ya mia moja walikufa, wanawake na watoto wakiwamo. Damu ile ilimwagika mbali na Chewele, lakini hofu yake ilipanda na mto hata ikatufikia. Mimi ni Mpokomo. Basi niliposikia ni nani alalaye kitanda cha pili, nilitabasamu kwa mdomo tu. Usiku ule niliuweka mfuko wangu chini ya kichwa badala ya mto wa kulalia, nikalala juu ya maembe.

Asubuhi tulikunywa chai kwa mahamri na mbaazi kwa mama mmoja auzaye barazani. Mwalimu alishauri twende pamoja kuutazama mji, akisema macho manane huona zaidi ya mawili. Nilikubali, lakini mfuko sikuuacha chumbani. Niliubeba begani, nikasema ni kwa ajili ya karatasi za serikali.

Tulianza Ngome ya Yesu. Wareno walianza kuijenga mwaka 1593 kwa ramani ya Giovanni Battista Cairati, Mwitaliano aliyekuwa katika utumishi wao. Mwaka 1631 Sultani Yusuf bin Hasan, ambaye Wareno wenyewe walimlea na kumsomesha huko Goa, aliwageuka, akamwua kapteni wao na kuitwaa ngome. Tangu Machi 1696 hata Desemba 1698 Waarabu wa Omani waliizingira. Waingereza waliifanya gereza tangu 1895 hata 1958, na tangu 1962 imekuwa nyumba ya makumbusho. Mwaka 2011 UNESCO waliitia katika orodha ya urithi wa ulimwengu. Yote haya mtu anaweza kuyasoma kitabuni. Lakini kusimama juu ya ukuta ule na kuiona bahari chini yako ikiingia na kutoka kama iliyoingia karne nne zilizopita, ni jambo jingine.

Mwalimu alitueleza habari za kuzingirwa. Ilifika siku, alisema, ambapo Wareno wa ngomeni walikuwa karibu wamekwisha kwa maradhi, na ulinzi ukawa mikononi mwa Waswahili wa Faza waliokuwa pamoja nao. Kijana wa Kiorma alisikiliza, kisha akasema polepole, “Basi watu wakifungiwa mahali pamoja na njaa, hawaulizani tena kabila.” Hakunitazama mimi aliposema hivyo. Jua lilikuwa limekwisha panda na jasho likinitoka. Akaniambia, “Kaka, nipe nikupokee mfuko.” Nikamjibu kwamba si mzito. Msomaji, ulikuwa mzito.

Kutoka ngomeni tuliifuata Ndia Kuu kuingia Mji wa Kale. Huko nyumba zina milango ya kuchongwa, na vichochoro vyake ni vyembamba hata mwenye mkokoteni akija huna budi kujibana ukutani. Tuliupita Msikiti wa Mandhry, ambao husemwa kuwa wa mwaka 1570, tukateremka hata Bandari ya Kale. Zamani pepo za kaskazi zilileta hapo majahazi ya Arabuni na Ghuba, yamejaa tende, mazulia na samaki wa chumvi. Pepo za kusi zikayarudisha na boriti za mikoko. Siku hizi ni majahazi machache tu na mashua za wavuvi. Tuliketi kivulini, tukanunua kahawa chungu na kashata. Mzee mmoja muuza kahawa akatuuliza tunatoka wapi. Mwalimu alisema Moshi, na mzee akautaja mlima. Fundi alisema Kisumu, na mzee akalitaja ziwa. Mimi niliposema Tana, mzee alitikisa kichwa akasema, “Huko kwenye mafuriko na mapigano.”

Niliona haya, nikatazama kikombe. Ndipo yule Muorma akasema, “Mzee wangu, Tana ndiko ulikotoka wimbo wa taifa la Kenya.” Mzee hakusadiki. Kijana akamweleza kwamba uhuru ulipokaribia, mwaka 1963, watu waliopewa kazi ya kutunga wimbo waliichukua sauti ya wimbo ambao mama wa Kipokomo humbembelezea mtoto alale, nao waliipokea kwa Mzee Meza Moroa Galana, Mpokomo wa huko kwetu. “Kila asubuhi watoto wa shule wa Kenya nzima wanaposimama mbele ya bendera,” akasema, “wanasimama kwa wimbo wa mama wa watu hawa.” Akanionyesha mimi kwa kidole, kama mtu aonyeshaye ndugu yake.

Habari hiyo naijua tangu utoto, wala sikuwa nimepata kuisikia kinywani mwa Muorma. Mzee alimimina kahawa nyingine akakataa senti zetu. Tulipoinuka, kijana aliunyosha mkono tena kuelekea mfuko, bila neno. Safari hii nilimpa.

Baada ya chakula tulikwenda Likoni kuvuka kwa feri. Aendaye kwa miguu halipi kitu, basi watu ni wengi kama siafu. Mahali hapo pana kumbukumbu chungu: si mbali, huko Mtongwe, tarehe 29 Aprili 1994, feri iliyojaa abiria ilipinduka, wakafa watu 272. Siku yetu feri ilizuiwa kidogo, kwa sababu meli ya shehena ilikuwa ikiingia Kilindini, nayo meli kubwa haingoji mtu. Jina hilo lenyewe ni Kiswahili cha kale: kilindi ni maji yenye kina kirefu, na kwa kina hicho bandari ikahamia upande huu wa kisiwa. Toka hapa kisiwani Waingereza walianza kutandika reli mwaka 1896, ikafika Kisumu mwaka 1901. Fundi wetu aliitazama ile meli, makontena yamepangwa juu yake kama nyumba za ghorofa, akasema, “Babu zetu waliiona reli ikija kwao. Mimi nimekuja kuona inakoanzia.” Sikumwona akitabasamu siku ile isipokuwa hapo.

Katikati ya mkondo feri ilitikisika kidogo. Niligeuka nikamwona Muorma ameshika chuma kwa mikono miwili, mfuko wangu umebanwa katikati ya miguu yake usije ukateleza. Nikamwambia, “Usiogope. Mtumbwi wetu ni mwembamba kuliko huu, na chini yake mna mamba.” Akacheka sana, akanisimulia kwamba alipokuwa mtoto, mwaka mmoja wa ukame, babaye alileta ng'ombe mtoni. Ng'ombe walivuka kwa kuogelea, na yeye akavushwa na Mpokomo mmoja mwenye mtumbwi. Mtu yule hakutaka fedha. Alitaka maziwa, naye akawapa ndizi za njiani. “Sikumbuki uso wake,” akasema, “lakini ndizi nazikumbuka.”

Alasiri tulipumzika barabara ya Mama Ngina, tukala mihogo ya kukaanga yenye pilipili na ndimu, tukanywa madafu na kuzitazama meli zikingoja zamu nje ya mlango wa bandari. Ilipokaribia saa kumi na moja kijana alisimama kutuaga, maana wakati wa kumwona mamaye umefika. Mwalimu akasema, “Tumetembea pamoja tangu asubuhi, hatuwezi kuachana hapa.” Tukaenda sote wanne.

Mama alikuwa amelala karibu na dirisha, amekonda, lakini macho yake ni makali. Tulimwamkia shikamoo akaitikia marahaba. Mwanawe alimweleza kwa lugha yao sisi ni nani, na nilisikia jina la Chewele likitajwa, kisha jina la kabila langu. Mama alinitazama kitambo. Sikujua kama katika miaka ile mibaya alipoteza mtu, wala sikuwa na ujasiri wa kuuliza. Nilisimama nikiwa nimeinamisha kichwa kama mtoto wa shule.

Kisha akaniuliza kwa Kiswahili, “Mto umejaa?”

Enyi wa Tana, mnajua kwamba hilo ndilo swali letu sote. Mkulima huliuliza kwa ajili ya mahindi na migomba yake, mchungaji huliuliza kwa ajili ya ng'ombe wake. Nikamjibu, “Haujavuka kingo, mama, lakini maji yamekuwa mekundu.” Akasema, “Basi huko bara imenyesha,” akafumba macho kama mtu aliyepokea barua kutoka nyumbani. Nikaufungua mfuko, nikaziondoa karatasi za serikali, nikayatoa maembe na kuyapanga juu ya kimeza chake. Mengine yalikuwa yamepondeka kidogo kwa kulaliwa. Alilichukua moja akalinusa. “Hili ni la mtoni,” akasema. Sikumweleza jinsi maembe yale yalivyolala usiku uliotangulia.

Sisemi, ndugu wasomaji, kwamba embe laweza kumaliza ugomvi wa malisho. Ugomvi huo unataka malka zilizokubaliwa na pande zote mbili, mashamba yenye mipaka ya haki, na viongozi wasiotafuta kura kwa damu ya watu. Lakini mikutano ya amani niliyoiandikia kumbukumbu katika kazi yangu imekuwa mingi, na katika yote Wapokomo huketi upande mmoja na Waorma upande wa pili, kisha kila watu hurudi kwao. Katika Mombasa hapakuwa na pande. Palikuwa na chumba kimoja, na mji ambao sote wanne tulikuwa wageni wake sawasawa.

Kwa hiyo nawausia vijana wetu wanaoshuka pwani kwa masomo au kwa kutafuta kazi: msikimbilie kupanga na watu wa kijiji chenu tu. Yule ambaye nyumbani umefundishwa kumwogopa, labda utamkuta kwenye kitanda cha pili. Mwulize habari za kwao. Tembeeni mchana kutwa, na mfuko mpokezane.

Jumapili alfajiri alinisindikiza hata kituo cha basi. Mfuko ulikuwa mwepesi, lakini aliubeba yeye. Mama yake, aliniambia, amekula maembe mawili, na kokwa zake ameagiza zihifadhiwe akazipande Bura.

Wasalaam.