Usitafute Dhahabu, Soma Mwamba

Leo tuache programu kidogo, tuzungumzie mawe. Msishangae, tutarudi kwenye tarakilishi.

Mwamba wenye gramu 5 tu za dhahabu kwa kila tani unaweza kuchimbwa kwa faida. Sasa jiulize, ni nani atakayeziona gramu 5 ndani ya tani nzima? Ndiyo maana nasema anayetafuta dhahabu yenyewe anajichosha bure. Kinachoonekana ni njia ilikopitia.

Chukua Geita, Tanzania. Zamani mno, maji yenye joto la mamia ya nyuzi yalipanda kwenye nyufa za ardhi yakiwa yamebeba dhahabu iliyoshikamana na salfa. Yalipokuta miamba yenye chuma kingi, salfa iliungana na chuma, ikawa pairaiti, yale madini ya manjano yanayong'aa. Dhahabu ikakosa mbebaji, ikatua papo hapo. Kwingineko maji kama hayo hugeuza madini ya mwamba kuwa serisaiti, aina ya ulanga laini. Ukanda uliogeuzwa hivyo huweza kuwa mpana mara nyingi kuliko mshipa wa dhahabu wenyewe.

Hapa ndipo tunapoingia sisi wa tarakilishi. Serisaiti hufyonza mwanga usioonekana kwa macho, wa takriban mikrometa 2.2. Setilaiti huunasa mwanga huo. Picha za Landsat ni za bure tangu 2008, na za ASTER tangu 2016. Programu ya kuzichambua yaweza kuandikwa hapa hapa Nairobi.

Lakini tusidanganyane. Kakamega kuna mimea tele inayoficha mwamba, na si kila mwamba uliogeuzwa una dhahabu. Lazima mtu aende uwanjani, achukue sampuli, zipimwe maabara.

Ndiyo maana naona kampuni ikirudisha leseni, rekodi zake za uchorongaji ziwekwe kwenye wavuti, wazi kwa wote. Wengine watasema hilo litaleta vurugu za wachimbaji. Kwani sasa hawaji? Wanakuja kwa kufuata uvumi. Kule Migori na Kakamega watu hushuka kwenye mashimo yanayoweza kuporomoka, na mengine hayana kitu. Ramani inayosema "hapa usichimbe" yaweza kuokoa maisha ya mtu.

Wewe waonaje?