Namba Hazifanyi Wimbo Usichuje

Kuna ugonjwa umeingia kwenye uandishi wetu wa muziki, na mimi kama mwandishi wa habari niseme wazi: wanaoueneza ni sisi. Wimbo unatoka Ijumaa, Jumapili umefikisha watazamaji milioni moja YouTube, Jumatatu tunauandika kuwa ni "wimbo wa vizazi vyote". Vizazi vipi, jamani? Hata mwezi haujaandama. Ukibisha unaambiwa una wivu, au umezeeka, rudi kwenye zilipendwa zako.

Sirudi huko. Wanaodai muziki ulikufa pamoja na kaseti nao wananichosha. Redio ya zamani ilipiga nyimbo mbovu kibao. Tumezisahau tu, ndiyo maana tunadhani hazikuwepo. Ninachosema ni kingine: wimbo usiochuja ni ule ambao watu wanaweza kuuazima na kuutumia kwenye shughuli zao, mwenyewe asiwepo. Basi.

Sisi wa Mwanza tulipaswa kulijua hili mapema. Usukumani, mashindano ya vyama viwili vya ngoma, Bagika na Bagalu, yana mizizi tangu karne ya 19, na kipimo chake ni kilekile cha YouTube: umati. Makundi mawili yanacheza kwa wakati mmoja, kila moja upande wake, na watazamaji wanahamia panapowavutia. Aliyejaza ndiye mshindi. Na kwa kuwa kinachotafutwa ni umati, watu wakabuni njia za kuuvuta: nyoka uwanjani, vituko, na dawa za mvuto kutoka kwa mganga. Leo kuna wanaonunua watazamaji mtandaoni. Dawa ileile, mganga tu ndiye amebadilika.

Lakini ushindi ule ulikuwa wa siku ile. Watu wakitawanyika, umati hauachi kitu. Kilichovuka ni wimbo ambao watu waliondoka nao wakaenda kulimia, jembe likifuata mdundo, aliyeuanzisha akiwa kwao amelala.

Sasa chukua Maria Salome ya Saida Karoli. Huyu ni dada wa Bukoba, ng'ambo ya ziwa letu, anaimba Kihaya mwanzoni mwa miaka ya 2000. YouTube yenyewe ilikuja 2005. Wengi walioucheza wimbo ule, kuanzia hapa hadi Dar es Salaam, hawakujua Kihaya. Waliimba silabi walizodhani wamezisikia. Sisi wa fasihi tunaopenda kuanza na maana, tungesema wimbo huo utaishia Kagera. Haukuishia. Ngoma yake iko wazi, mwili unaielewa kabla ya masikio, na una nafasi ya wewe kuingia hata kama sauti yako ni ya bafuni. Ukawa wa harusi, ukawa wa vigodoro, ukawa wa watoto kuchezea uani.

Mwaka 2016 Diamond Platnumz na Rayvanny wakaufanya upya wakauita Salome. Mtu ataniambia: umeona, mtandao ndio uliomfufua Saida! Hapana. Diamond wakati ule angeweza kutafuta mdundo popote duniani. Akaenda kuazima kwenye wimbo uliokuwa umeshajijenga vichwani mwa watu bila mashine yoyote kuuhesabu. Mtu habebi ndoo kwenda kisima kilichokauka.

Linganisha. Novemba 2018 wasanii haohao wawili wametoa Mwanza, wimbo wenye jina la mji wetu. BASATA wakaufungia kwa madai ya matusi, kelele zikazidi. Majina yaleyale, mtandao uleule, gumzo la nchi nzima. Nionesheni basi ukumbi wa Igoma au Buzuruga ambako wajomba na mashangazi wanaamka kuucheza. Mimi ninachosikia watu wakikumbushana ni habari ya kufungiwa, wimbo wenyewe kwa mbali.

Na hizo namba zinahesabu nini? Spotify inahesabu usikilizaji baada ya sekunde 30. Aliyepitiwa na usingizi simu ikiendelea kupiga, anahesabiwa. Ukumbi mzima Kirumba ukisimama kwa wimbo ambao DJ kauweka kwenye flashi, sifuri. Mama anayeuimba akifungasha dagaa Mwaloni, sifuri. Yaani mashine inakosa kuona kilekile kinachoufanya wimbo ubaki.

Hapa tusidanganyane kwamba ni suala la ladha tu. Ni riziki za watu. Tangu 2024 Spotify hailipi wimbo ambao haujafikisha usikilizaji 1,000 ndani ya miezi 12. Mwimbaji wa Kisukuma ambaye nyimbo zake zinatembea kwa memori kadi kutoka Magu hadi Sengerema hayumo kwenye hesabu hiyo. Nimewahi kurudishiwa makala kuhusu mwimbaji wa aina hiyo kwa swali moja tu: ana watazamaji wangapi? Asipoandikwa, hatafutwi. Na siku mtu akija kuuazima wimbo wake, hatajua amuombe nani wala amlipe nani. Tumeshayaona kwenye Malaika: umeimbwa na Miriam Makeba, umeimbwa na Boney M., umezunguka dunia, na mpaka leo watu wanabishana nani aliutunga. Wimbo ulidumu. Kumbukumbu ya mtunzi ndiyo iliyotushinda.

Kwa hiyo waandishi wenzangu, tuache kugawa vyeti vya umilele Jumatatu asubuhi. Mwandike msanii anayetrendi, sawa, ni habari. Ila neno "usiochuja" liwekeni kabatini kwa miaka kumi. Likitoka, ulizeni maswali ya mtaani: nani ameuazima? Ameufanyia nini? Wasioijua lugha yake wanauimba? Halafu ulizeni la nne, ambalo ndilo kazi yetu hasa: aliyeutunga ni nani, na kuna chochote kilichomfikia? Majibu hayo hayako kwenye skrini. Itabidi kupanda daladala, au meli ya Bukoba, ukamuulize mwenyewe angali hai.