Akiba ya Jua Isiwe ya Wachache

Wananchi wa Unguja hawajausahau mwezi wa Mei, 2008. Tarehe 21 ya mwezi huo umeme ulikatika, na kisiwa kizima kikakaa gizani kwa muda wa takriban mwezi mmoja. Kabla machungu hayo hayajapoa, tarehe 10 Desemba, 2009 giza likarudi, na safari hii likadumu kwa muda wa miezi mitatu. Mabomba yalikauka kwa kuwa pampu za maji hazikuwa na umeme, samaki waliharibika, na mafundi wenye karakana walikaa vibarazani. Mwenye uwezo aliwasha jenereta yake. Asiye na uwezo alibeba ndoo.

Chanzo cha udhaifu wetu kilikuwa wazi. Maisha ya kisiwa kizima yalining'inia kwenye waya mmoja uliolazwa chini ya bahari mwaka 1980, kutoka Ras Kiromoni hadi Ras Fumba, wenye uwezo wa kuchukua megawati 45. Tangu hapo kazi kubwa imefanyika. Pemba iliunganishwa na Tanga mwaka 2010, na waya mpya wa Unguja wa megawati 100 ulianza kazi mwaka 2013. Tunaishukuru juhudi hiyo. Hata hivyo, waya ukiwa mnene kiasi gani, bado ni njia ya kupitishia umeme, si ghala. Gridi ya Bara inapotetereka, Visiwani nako tunatetereka.

Ndiyo maana tunaona leo wenye mahoteli, viwanda na majumba ya baridi wakitandika paneli za jua juu ya mapaa yao, na kununua betri za kuhifadhia umeme huo. Jambo hili ni jema, wala hatuna nia ya kulipinga. Lakini lina pande mbili, na ni wajibu wetu kuzitazama zote mbili mapema.

Kwanza, yafaa ieleweke kwa nini paneli peke yake haitoshi. Jua letu hufanya kazi vizuri kuanzia kiasi cha saa tatu asubuhi hadi saa tisa alasiri. Mahitaji ya umeme hupanda wakati wa magharibi, taa, majiko na viyoyozi vinapowashwa kwa pamoja. Zaidi ya hayo, paneli iliyoungwa na gridi kwa njia ya kawaida hujizima yenyewe gridi inapozimika, ili umeme usirudi kwenye nguzo na kumdhuru fundi anayetengeneza. Mwenye nyumba anaweza kuwa na jua tele juu ya paa, naye akakaa bila feni. Betri na inveta inayofaa ndizo zinazoondoa vikwazo vyote viwili.

Pili, bei imebadilika mno. Mwaka 2010 betri ya lithiamu ya kuhifadhi uniti moja ya umeme iligharimu zaidi ya dola 1,000 za Marekani kwa wastani wa dunia. Mwaka 2024 wastani huo ulikuwa umeshuka hadi dola 115. Usafiri, inveta na ufungaji huongeza gharama hiyo sana, lakini mwelekeo ni dhahiri. Tuchukue mfano wa hoteli inayohitaji kilowati 100 kwa saa nne za jioni. Hizo ni uniti 400. Ukiongeza upotevu na akiba ya kulinda uhai wa betri, itahitaji betri ya uniti 500 hivi na paneli za kilowati 125 au zaidi. Zamani hesabu hiyo ilikuwa ndoto. Leo mwenye hoteli huiweka mezani akailinganisha na bei ya dizeli.

Hapa ndipo penye hatari. Nguzo, transfoma na nyaya za shirika la umeme vina gharama zake, na gharama hizo hazipungui wateja wakubwa wanapoondoka. Wakubwa wakijitenga na betri zao, mzigo huo utawaangukia wanaobaki: mama muuza maandazi, fundi cherahani, mwalimu, mzee wa shamba mwenye taa tatu. Hatuzungumzi mambo ya kubuni. Nchini Pakistan, ambako mwaka 2024 pekee ziliingizwa paneli zenye uwezo wa kiasi cha megawati 17,000, wenye nacho wamejitoa kwa wingi katika umeme wa gridi, na wasio nacho wameachiwa kulipia mitambo ambayo ilijengwa kwa ajili ya wote.

Lakini iko njia nyingine. Katika kisiwa cha Kauai, huko Hawaii, shirika la umeme ni ushirika unaomilikiwa na watumiaji wenyewe tangu mwaka 2002. Mwaka 2017 kituo cha jua cha megawati 13 chenye betri za kuhifadhi uniti 52,000 kilianza kuliuzia shirika hilo umeme. Jua la mchana huwekwa, na jioni humwagwa katika gridi inayowahudumia tajiri na maskini. Jua ni lile lile na betri ni zile zile. Tofauti imo katika utaratibu wa watu.

Kwa hiyo basi, tunaona Serikali haina budi kuweka utaratibu sasa, kabla kila mwenye mali hajajijengea ngome yake. Mwaka 2021 Benki ya Dunia iliidhinisha mradi wa umeme wa Zanzibar wa dola milioni 142, na ndani yake umo umeme wa jua pamoja na betri za kuhifadhia. Huo ni mwanzo mwema kwa upande wa umma. Kwa upande wa wafanyabiashara, mteja mkubwa mwenye betri apewe bei ya haki anapoiuzia gridi umeme wakati wa magharibi, ili aone faida ya kubaki nasi. Naye akitaka kuitumia gridi kama mwavuli wa siku za mawingu tu, basi achangie gharama ya kuuweka mwavuli huo wazi. Hiyo si adhabu, ni haki.

Tukumbuke pia kwamba si kila akiba ni betri. Kiwanda cha barafu kinachogandisha mchana kwa nguvu ya jua kimeweka akiba ambayo mvuvi ataichukua alfajiri. Pampu inayojaza tangi la maji saa sita mchana imeweka akiba ambayo mama ataichota jioni. Akiba hizi ni rahisi, hazihitaji lithiamu, na mafundi wetu wanazifahamu. Katika mipango ya umeme wa jua, barafu ya wavuvi na maji ya wananchi yatangulie mbele ya viyoyozi.

Tahadhari nazo zisipuuzwe. Mwezi wa Januari 2025 moto ulizuka katika ghala la betri huko Moss Landing, California, na zaidi ya watu 1,000 wakahamishwa. Zipo betri za lithiamu zenye chuma na fosfati ambazo haziwaki kwa urahisi kama za aina nyingine, na hudumu miaka mingi zikitunzwa mbali na joto kali. Mnunuzi asiyejua ataletewa yoyote, pengine iliyochoka kwa wengine. Ukaguzi bandarini ni lazima. Kikosi cha zimamoto kijue kila betri kubwa imewekwa wapi. Chumvi ya bahari na joto letu ni maadui wa vyombo hivi, kwa hiyo vijana wetu katika Taasisi ya Karume ya Sayansi na Teknolojia wafundishwe kuvifunga na kuvitengeneza, ili tusiagize fundi kila inveta inapokorofisha.

Na betri ikifa, izikwe wapi? Majirani zetu wa kitongoji cha Owino Uhuru, Mombasa, walilipa kwa afya ya watoto wao pale kiwanda cha kuyeyushia betri chakavu za risasi kilipofanya kazi karibu na makazi yao. Visiwa vyetu ni vidogo, na maji tunayokunywa yanatoka chini ya ardhi hii hii. Anayeingiza betri afungwe na sheria ya kuitoa inapokwisha.

Jua halimilikiwi na mtu. Huangaza juu ya bati la hoteli na juu ya makuti ya mvuvi bila kubagua. Tukiliwekea akiba kwa ajili ya wote, giza la mwaka 2008 litabaki kuwa hadithi ya kuwasimulia wajukuu. Tukiacha akiba hiyo iwe ya wachache, siku waya utakapokatika tena, taa za ufukweni zitawaka, na vijiji vilivyo nyuma yake vitabeba ndoo.