Kilowati Peke Yake Hazitoshi

Mwanafunzi wa sekondari huko Nanyala, Wilaya ya Mbozi, akiulizwa nguvu ya umeme hupatikanaje, aghalabu hujibu upesi: zidisha volti kwa ampea. Jibu hilo lafaa kwa pasi. Kwa mota ya mashine ya kusaga mahindi halifai, na ni kosa kumwacha kijana amalize shule bila kujua sababu.

Mota haizunguki bila uga wa sumaku. Umeme wa Tanzania hukamilisha mizunguko 50 kwa sekunde. Katika kila mzunguko sehemu ya nishati huingia katika koili kuujenga uga huo, kisha hurudi kwenye waya bila kusaga hata punje moja. Hata hivyo mkondo wake huzipasha nyaya joto. Kwa hiyo volti zikizidishwa kwa ampea (na kwa 1.73, umeme ukiwa wa fezi tatu) hupatikana nguvu ionekanayo, ambayo hupimwa kwa kilovolti-ampea, yaani kVA. Nguvu halisi, ile ya kilowati, ni sehemu yake tu.

Na ichukuliwe mota inayovuta kW 15, ambayo ni 0.75 ya nguvu ionekanayo. Gawa 15 kwa 0.75: ni kVA 20. Nguvu ya kwenda na kurudi ni kipeuo cha pili cha 20² − 15², karibu 13.2. (Anayejumlisha 15 na 13.2 akashangaa amesahau Pithagora.)

Mota mbili za namna hiyo huchukua kVA 40 za transfoma ya kVA 50. Ya tatu hufikisha 60, ingawa kilowati ni 45 tu. Transfoma imeelemewa, na wasagishaji wataendelea kubeba mahindi hadi mashine ya mbali. Lakini fundi aliyehitimu akifunga kapasita karibu na mota, nishati hiyo hupishana baina ya kapasita na koili badala ya kusafiri hadi kwenye transfoma. Uwiano ukipanda hadi 0.95, mota zote tatu huchukua kVA 47.4. Zimeenea, ila zisiwashwe kwa mara moja, kwani mota inapoanza huvuta mkondo mara kadhaa ya ule wa kawaida. Tena TANESCO huwatoza wateja wake wakubwa kwa kVA pia, si kwa uniti peke yake.

Basi somo hili lianzie kwenye kibao cha mota, mashine ikiwa imezimwa, ambapo volti, ampea na kilowati zimeandikwa. Mwalimu akumbushe tu kwamba kilowati za kibaoni ni zile zitokazo kwenye mhimili, si zile ziingiazo.