ILANI: MWANASAYANSI NAYE APOKEWE KWA MURSIK

Sisi wakazi wa Eldoret, wakulima, walimu, wauguzi, wanafunzi na wachuuzi, tunaanzisha vuguvugu hili kwa sababu mji unaojua kuwapokea mashujaa wake umewaacha wengine wapite kimyakimya.

Tarehe 12 Oktoba 2019, Eliud Kipchoge alipomaliza marathoni jijini Vienna kwa 1:59:40, mitaa yetu ilifurika watu mbele ya skrini kubwa. Tulishangilia, na ilikuwa haki yetu. Lakini miaka kadhaa kabla ya hapo, mbegu za ngano kutoka Kenya zilisafiri hadi Seibersdorf, karibu na Vienna hiyohiyo, zikapigwa mionzi ya gama katika maabara ya Shirika la Kimataifa la Nishati ya Atomiki. Hizo nani alizishangilia?

Mkulima wa Moiben anajua kilichozipeleka huko. Kutu ya shina aina ya Ug99, iliyogunduliwa Uganda mwaka 1998, ilishinda kinga ambayo wazalishaji wa ngano duniani walikuwa wameitegemea kwa miongo. Pitisha kidole kwenye bua lililougua: kinatoka na vumbi jekundu, na kila chembe ya vumbi hilo yaweza kupeperushwa na upepo ikaambukize shamba la jirani. Suke linakosa chakula, punje zinasinyaa. Mionzi ilibadilisha jeni za mbegu bila mpangilio wowote. Kazi kubwa ilikuwa kuipanda mimea, kuiacha ishambuliwe, kisha kuokota ile michache iliyostahimili, msimu baada ya msimu. Kazi hiyo iliongozwa na Profesa Miriam Kinyua wa Chepkoilel, leo Chuo Kikuu cha Eldoret. Mwaka 2014 Kenya ikapata Eldo Ngano 1 na Eldo Mavuno 1.

Ngano imebeba jina la mji wetu, nasi hatumjui aliyeizalisha!

Mwanariadha Kipchoge Keino ana uwanja wenye jina lake hapa mjini. Tunataka maabara za shule zetu nazo zibebe majina ya watafiti wetu wangali hai. Mtafiti akirudi na tuzo, akute kibuyu cha mursik, maziwa yetu ya mgando ya kupokelea mashujaa, uwanja wa ndege, na watoto wa shule wawepo.

Ila makofi peke yake hayatoshi. Mkulima ana haki ya kuuliza kama mionzi ile iliacha sumu kwenye unga wa chapati zake, na ajibiwe barazani na redioni, kwa Kiswahili na kwa Kikalenjin, kwamba miale ya gama hupita kwenye mbegu bila kubaki ndani yake. Vivyo hivyo hospitalini. Tangu 2001, mpango wa AMPATH umewatibu watu wetu wanaoishi na virusi vya UKIMWI, na tafiti zake zinasomwa ng'ambo. Popote utafiti unapofanyika, aliyetoa damu yake asiwe wa mwisho kuelezwa ilichofichua.

Watafiti hatuwalaumu, wengi hawapewi muda wala nauli ya kwenda vijijini. Kaunti na vyuo vitenge fedha hizo kwenye bajeti.

Baraza la kwanza tutaliitisha Moiben, kabla ya msimu wa kupanda. Watafiti waje na mabua, yenye kutu na yaliyo mazima. Wakulima waje na maswali, na hatutaufunga mkutano wakati kuna mkono ungali juu.