Nani Alipie Uchunguzi?

Wako wasemao: «Uchunguzi wa nini? Tununulieni dawa!» Sivyo. Mwaka 2020 waganga wa Lubumbashi na wenzao wa Leuven, Ubelgiji, walitangaza kwamba watoto wanaozaliwa na vilema huonekana zaidi kwa akina baba wafanyao kazi ya madini. Dawa gani itanyosha kiungo kilichopindika tumboni mwa mama? Yafaa kukinga, na hatuwezi kukinga tusipojua sumu yapita njia gani.

Fedha ipo. Tangu 2018 kobalti yatozwa ushuru wa 10%. Basi sehemu yake ipewe Chuo Kikuu cha Lubumbashi. Si haki mali itoke kwetu, vilema vibaki kwetu, na maarifa tuyaombe kwa wageni.