Kampuni changa za Poland: mbegu ya ndani, mavuno ya nje?

Januari 2025, kampuni ya ElevenLabs inayotengeneza sauti kwa akili mnemba ilipata mtaji wa dola milioni 180, na thamani yake ikakadiriwa kufikia dola bilioni 3.3. Waanzilishi wake, Mati Staniszewski na Piotr Dąbkowski, ni Wapoland. Walioongoza uwekezaji huo ni Wamarekani.

Katika teknolojia ya afya, fedha huja polepole zaidi. Infermedica ya mjini Wrocław ina programu inayomuuliza mgonjwa dalili zake na kumwelekeza atafute huduma gani. Ilianzishwa mwaka 2012, lakini dola milioni 30 ilizipata 2022, uwekezaji ukiongozwa na mfuko wa London.

Sababu ya kasi hiyo ndogo inaeleweka. Programu ya tiba lazima kwanza ithibitishwe kuwa salama, na sheria ya Umoja wa Ulaya kuhusu akili mnemba, iliyoanza kufanya kazi Agosti 2024, inaongeza masharti. Mwekezaji mwenye haraka hukimbilia kwingine.

Ndiyo maana fedha za umma zina uzito. PFR Ventures, taasisi ya serikali ya Poland, hupitisha fedha za Umoja wa Ulaya kwa mifuko binafsi inayosaidia kampuni zinazoanza. Lakini kampuni ikikua na kuhitaji mamilioni, mara nyingi hugeukia wageni, na sehemu ya umiliki huondoka nayo. Vipaji Poland inavyo. Inachokosa ni mtaji mkubwa wenye subira.